Ukitaka kuwaona wadudu wa uyoga, usiung'oe

Masika ya kwanza nilipoanza kuwatafuta msituni Ngezi, kisiwani Pemba, nilirudia kosa moja kila siku. Nikiona uyoga, naung'oa, naugeuza. Waliokuwemo wamekwisha dondoka na kujichimbia kwenye majani makavu, nami nimebaki na uyoga mtupu mkononi. Nakuomba usiung'oe. Chukua kioo kidogo cha mkono, kilaze chini ya kofia ya uyoga, piga magoti, usubiri.

Ninaowasema ni mbawakawa wa familia ya Staphylinidae. Wametambuliwa zaidi ya aina 60,000 duniani, na utawajua kwa vazi lao: magamba ya mgongoni ni mafupi kama kizibao, tumbo karibu lote li nje, na mbawa zimekunjwakunjwa humo ndani. Wengi wakishtuka huinua ncha ya tumbo kama nge, ingawa mwiba hawana.

Nenda asubuhi, siku mbili tatu baada ya mvua, uyoga ukiwa bado mbichi. Kwenye kioo changu niliwaona weusi, wadogo kuliko punje ya mtama, wakipenya baina ya zile karatasi nyembamba chini ya kofia. Wale wa jenasi ya Gyrophaena hula spora, yaani chembe za uzazi za uyoga, papo hapo, hutaga papo hapo, na watoto wao hukua kwa siku chache tu, maana nyumba yenyewe haidumu. Rudi uyoga ukishaoza. Utakuta wageni wengine, wakubwa zaidi, wamefuata mabuu ya nzi.

Kuna jamaa yao mmoja, Paederus, mwenye rangi ya chungwa na nyeusi. Akikutua shingoni mpulize, usimponde. Hang'ati, sumu imo kwenye damu yake, na lengelenge huja kesho yake. Ukimponda, osha kwa sabuni hapo hapo.

Ngezi ni hifadhi, basi pitia langoni kwanza na usitoke na kitu.

Linaloniuma hasa ni magogo. Uyoga mwingi huota kwenye mti uliolala, na gogo likibebwa kuwa kuni, wote hao wamekosa makazi. Shambani kwangu nimeacha kisiki cha mwembe kiozee kivulini, japo nyumbani walinilaumu kwa kupoteza kuni. Ukiwa na shamba, acha hata kimoja. Changu kimetoa uyoga mweupe masika haya, na kile kioo nimekitundika kwenye msumari pale pale.