Jibu: Kilo 30 toka Dubai, 20 kwenda Mwanza

Habari ndugu. Nikikuelewa, Dubai–Dar una kilo 30 za mizigo, ndege ya Mwanza inakupa 20, na zile 10 hutaki kuzilipia. Kwanza angalia: tiketi ni moja au mbili? Ikiwa moja, mara nyingi kilo za safari ndefu zinafuata hadi mwisho. Imeandikwa kwenye tiketi, waonyeshe kaunta ya Dar. Zikiwa mbili, nunua kilo mtandaoni mapema, kaunta huwa ghali zaidi.

Mimi nilishawahi kufungua sanduku sakafuni pale, foleni yote inanitazama, nikavaa makoti mawili na joto lile! Siku hizi napanda mizani nyumbani na begi mkononi, natoa uzito wangu. Na sanduku gumu tupu tu linaweza kula kama kilo nne. Chukua begi la kitambaa.