Barazani kwa Bibi Karani: Sawa, Mimi Mchagga. Daftari Liko Wapi?

Barua nyingi za mwezi huu zina ugomvi wa aina moja: watu wamebandikwa majina na wanataka yabanduke. Nimechagua tatu. Kwa wageni wa ukurasa huu, mimi ni karani mstaafu wa mahakama ya mwanzo, naishi Moshi. Nimefungua majalada ya wadai na wadaiwa hadi vidole vikaota sugu, na ushauri wangu una harufu ya makabrasha hayo. Anayetaka wa kutuliza moyo aende kwa padre au shekhe.

*

*Shikamoo Bibi Karani. Mimi ni Mrombo, nimeolewa kwa Waarusha huku Ngaramtoni, nina watoto wawili. Tuna kikoba cha wanawake wa boma letu na wifi yangu mkubwa ndiye mweka hazina. Mwezi wa tatu niliomba daftari lisomwe, maana faini na riba nilizolipa sikuwahi kusikia zikitajwa. Wifi akacheka, akasema, "Mchagga ni Mchagga tu, hela mbele." Wakacheka wote, hata yeyo, mama mkwe wangu. Tangu hapo kila nifanyalo ni Uchagga. Kwenye msiba wa babu nilitoa laki moja, wakasema najionyesha. Kwenye harusi nilitoa elfu ishirini kwa kuwa ada za shule zilinibana, wakasema mimi bahili. Mume wangu anasema nizoee, ni utani. Nizoee? Au kweli sisi ndivyo tulivyo?*
*Mama Wawili, Ngaramtoni*

Marahaba mwanangu. Hebu rudi kwenye barua yako, pale ulipoandika habari za daftari. Uliuliza hela za faini na riba ziko wapi. Ukajibiwa kabila lako.

Mahakamani, mshtakiwa akiulizwa alikuwa wapi usiku wa tarehe fulani, halafu akajibu kwamba mlalamikaji ni mlevi, hakimu huweka kalamu chini na kumwambia: swali bado halijajibiwa. Kwenye kikoba chenu hakukuwa na hakimu, kwa hiyo kicheko kikapita kama hukumu.

Wasomi wana sababu nyingi za kueleza kwa nini binadamu tunabandikana majina. Akili inapenda njia ya mkato, tunawaogopa tusiowajua, na kadhalika. Sibishi. Ila nilichokiona mimi kwenye ile kazi ni kwamba jina hutoka pale swali linapomkaba mtu koo. Tafuta siku lilipotamkwa, utakuta kuna mtu alikuwa anadaiwa jibu. Mjane anayeulizia mpaka wa kihamba cha marehemu, yaani shamba la migomba la ukoo, ghafla anakuwa mchawi. Kijana wa kazi akidai mshahara wa miezi iliyopita anakuwa mjeuri. Wewe ulikuwa Mchagga tangu walipokuja kwenu Rombo kukuposa, wakanywa na wakala, na hakuna aliyeona tatizo. Ulianza kuwa "Mchagga" siku ulipoulizia daftari.

Ndiyo maana ukitoa laki unakosea na ukitoa elfu ishirini unakosea. Usijaribu kuwaonyesha kwamba wewe ni mkarimu. Utauza hata kitenge cha mwisho, na watasema unanunua watu.

Sasa hilo swali lako la pili, kama ndivyo tulivyo. Mimi ni wa Uru, Mchagga kama wewe, kwa hiyo nina maslahi kwenye shauri hili na hakimu makini angenitaka nijitoe, lakini hayupo. Mlimani Kilimanjaro ardhi ni ndogo na watu ni wengi. Kwa desturi, kifungua mimba alitafutiwa kihamba chake, kitinda mimba akabaki na kihamba cha baba, wa katikati wakaambiwa dunia ni pana. Hao wa katikati ndio unaowakuta na maduka Kariakoo, Mwanza na Tunduma. Kahawa nayo ilitufundisha hesabu mapema. Wakulima wa mlimani waliunda chama chao mwaka 1925, na KNCU, chama kikuu cha ushirika wa kahawa, ikafuata mwaka 1933, wakati sehemu nyingi za nchi hazijaona ushirika. Mtu aliyelelewa na babu aliyekuwa haondoki kwenye mzani mpaka apewe stakabadhi, naye akiomba stakabadhi, hayo ni malezi tu. Na wapo Wachagga niliowafungulia majalada ya madeni ambao hawakuwahi kutunza hata shilingi. Mbege, pombe yetu ya ndizi, ilikuwa inapita kwanza. Sijasikia mtu akisema hao si Wachagga.

Angalia pia jinsi jina linavyobadilika kadiri unavyosafiri. Rombo hakuna anayekuita Mchagga, wewe ni Mrombo, na Wamachame, Wachagga wenzetu, wana lao kuhusu Warombo na pombe. Wamachame nao wanasemwa kwamba wanawake wao huwazika waume mapema. (Kwenye mirathi nimewapokea wajane wa Kimachame, wa Kirombo, wa Kimeru na wa Kiarusha. Waume wanakufa kila mahali.) Ukishuka Ngaramtoni, habari za Rombo zinakwisha, unakuwa Mchagga. Wifi yako naye akiteremka stendi ya Mbezi kule Dar, anakuwa Mmasai, anaulizwa bei ya dawa za mitishamba na kama mumewe ni mlinzi, wakati ukoo wao umelima mahindi, maharage na migomba kwenye miteremko ya Meru vizazi na vizazi. Siku moja mkichambua maharage, muulize anajisikiaje. Usimuulize kwa shari.

Na usidhani ni mambo ya kabila peke yake. Mwanzoni mwa miaka ya 1970, Henri Tajfel, Myahudi aliyezaliwa Poland na kunusurika vita akiwa mateka wa Wajerumani, alifanya jaribio na wavulana wa shule huko Bristol, Uingereza. Aliwaambia kwamba baadhi yao wamependa picha za mchoraji huyu na wengine za mchoraji yule. Kumbe makundi yalipangwa kwa bahati nasibu. Kisha kila mmoja akapewa kazi ya kuwagawia wenzake fedha bila kujua ni nani hasa anampa. Wakawapendelea wa kundi lao. Lililonishangaza mimi si hilo. Mara nyingi walikubali kundi lao lipate pungufu, mradi lile jingine lipate pungufu zaidi. Watoto wa mji mmoja, hawana mahari, hawana mpaka wa shamba, wala hawana kikoba! Sasa fikiria boma.

Cha kufanya. Kikao kijacho wakisema Mchagga ni Mchagga, cheka nao, kisha sema kwa sauti ileile: "Sawa, mimi Mchagga. Daftari liko wapi?" Ukianza kutetea kabila lako, mtajadili Wachagga mpaka giza liingie na daftari litabaki kwenye mkoba. Halafu pendekeza iandikwe kwenye katiba ya kikundi kwamba kila kikao kinaanza kwa kusoma hesabu, ili lisiwe tena swali la mtu. Kama hamjasajili, Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 inavitaka vikundi kama chenu visajiliwe. Hiyo nayo ni sababu nzuri ya kuweka vitabu sawa bila kumnyooshea wifi kidole, maana huenda hajaiba chochote, hajui tu kuandika hesabu na anaona aibu kusema. Hoja hiyo aipeleke mama mkwe. Ndiyo, alicheka, lakini hisa zake zimo humohumo. Mfuate jioni, mpeleke maziwa, mweleze taratibu.

Mumeo mwambie Bibi Karani anasema utani una zamu mbili, na zamu yako bado haijafika.

*

*Mambo vipi Bibi, shikamoo. Mimi ni chalii wa Unga Limited, Arusha, miaka 23, fundi umeme, nimesoma VETA. Nikiomba kazi hotelini, wakiona ninapoishi wanauliza, "Si kwa vibaka huko?" Mwaka juzi kulikuwa na msako, tukasombwa vijana wengi, tukalala kituoni, asubuhi tukaachiwa bila kushtakiwa. Tangu hapo mtaani naitwa Mzee wa Selo. Mshikaji wangu ananishauri niandike naishi Njiro. Nidanganye?*
*Fundi, Unga Ltd*

Marahaba. Usidanganye. Leo wanakushuku bila sababu, wakigundua uongo watakuwa nayo.

Nimesoma hati za mashtaka nyingi kwa sauti mbele ya watu, na hakuna hata moja iliyomwita mtu mwizi. Hati inasema fulani, tarehe fulani, mahali fulani, aliiba kitu fulani, mali ya fulani. Basi. Kikikosekana kimojawapo, wakili anayejua kazi ataigonga. Mtaa hauweki tarehe wala mali, unaweka jina tu, na jina lisilo na tarehe halina pa kukatiwa rufaa. Katiba yetu, ibara ya 13(6)(b), inakataza mtu aliyeshtakiwa kutendewa kama mwenye hatia kabla haijathibitika. Wewe hata kushtakiwa hukushtakiwa.

Kulikuwa na Mmarekani, Howard Becker, aliyekuwa akipiga piano kwenye vilabu vya Chicago huku anasoma sosholojia. Mwaka 1963 aliandika jambo ambalo makarani tulikuwa tunaliona kila wiki: kwamba mkosaji ni yule ambaye jina hilo limefanikiwa kumganda, na likishamganda, milango ya halali hufungwa mmoja mmoja mpaka wanaobaki kumkaribisha ni wale waliogandwa kama yeye. Kijana akiletwa mahakamani mara ya kwanza analia. Mara ya tatu anamwamkia karani na kumuulizia hali ya wajukuu. Sitaki ufike huko kwa sababu ya msako wa usiku mmoja.

Kwa hiyo wape tarehe, mali na mahali, lakini za kwako. Chukua barua ya utambulisho kwa mtendaji wa mtaa. Omba polisi ile hati ya alama za vidole inayoonyesha huna rekodi ya jinai. Kama huna leseni ya kufunga umeme ya EWURA, mamlaka inayodhibiti nishati na maji, itafute, maana hotelini fundi mwenye leseni ni adimu kuliko unavyodhani. Andika orodha ya nyumba ulizofunga umeme, mtaa, mwezi, na simu ya mwenye nyumba kama ameridhia. Wakiuliza tena kuhusu vibaka, wajibu kwamba wapo, na kwamba taa za nyumba nyingi za pale umezifunga wewe. Mzee wa Selo usiitikie. Usigombane, usiitikie tu, watachoka.

*

*Bibi Karani, shikamoo. Mwanangu ana miaka minne, anarudiarudia mwanzo wa maneno. Bibi yake ameanza kumwita Kigugumizi, eti aibu itamponya, na watoto wa jirani wameshika. Nifanyeje bila kumvunjia mama mkwe heshima?*
*Mama Junior, Majengo, Moshi*

Marahaba. Mwambie bibi, kwa adabu zote, kwamba dawa hiyo ilishajaribiwa na ikaishia kwenye madai mahakamani.

Mwaka 1939 huko Iowa, Marekani, profesa Wendell Johnson, ambaye mwenyewe alikuwa na kigugumizi, alimsimamia mwanafunzi wake Mary Tudor kufanya jaribio kwenye kituo cha yatima cha Davenport. Watoto walikuwa 22. Baadhi yao walikuwa wakisema vizuri kabisa, lakini wakaambiwa wana dalili za kigugumizi na kwamba wasiseme kitu mpaka wawe na hakika watakisema sawasawa. Hawakupata kigugumizi kamili, ila walianza kuogopa kusema. Waliokuwa wachangamfu wakawa wanajibu kwa neno moja. Kazi hiyo ilikaa kabatini miaka mingi. Chuo Kikuu cha Iowa kiliomba radhi mwaka 2001, na mwaka 2007 jimbo likakubali kulipa dola 925,000 kwa waliodai, wengine wakiwakilishwa na warithi wao. Mtu anapodai baada ya zaidi ya miaka sitini, ujue lilimuuma.

Kwa mtoto wa miaka miwili hadi mitano kurudiarudia maneno ni jambo la kawaida, na walio wengi huacha wenyewe. Mwache amalize sentensi, usimmalizie, usimwambie "sema polepole", mtazame usoni kama huna pa kwenda. Ikiendelea zaidi ya miezi sita, au ukiona anakaza shingo na kufumba macho akitafuta neno, au kama kwenye ukoo wenu wapo waliokua nacho hadi utu uzima, mpeleke kwa daktari.

Bibi mwombe amfundishe mtoto nyimbo za Kichagga, wengi wenye kigugumizi huimba bila kukwama, na bibi atapata kazi nyingine ya kufanya. Hao watoto wa jirani waite wote kwa uji, uwaambie jina lake ni lipi. Atakayesahau, kesho hana kikombe.