Maswali yenu: simu moja, watoto watatu, shule imefungwa

Barua za safari hii karibu zote zinalia kilio kimoja: shule zimefungwa, masomo yamehamia mtandaoni, na watoto wa familia zenye kipato kidogo hawaonekani. Nimechagua chache. Wale wa "nitumie noti za darasa la saba", mmekosea mlango.

Programu gani ni nzuri zaidi kwa kufundishia watoto walio nyumbani?

Naulizwa hili kila wiki, na kila wiki muulizaji hasemi wanafunzi wake wana nini mkononi. Programu nzuri ni ile anayoweza kuifungua mwanafunzi wako mwenye hali duni kuliko wote. Humjui ni nani? Basi swali la programu bado hujalifikia.

Na kwa kuwa umelianzisha, tahadhari na vya bure. Mwaka 2022 shirika la kutetea haki za binadamu, Human Rights Watch, lilitoa ripoti kuhusu programu na tovuti zaidi ya 160 za masomo ambazo serikali mbalimbali zilizipendekeza wakati wa Uviko. Karibu tisa katika kila kumi zilishughulikia taarifa za watoto kwa namna inayohatarisha au kukiuka haki zao. Mzazi aliyeambiwa "weka hii, la sivyo mtoto hasomi" hakuwa na nafasi ya kukataa.

Nina wanafunzi 42. Wanaoingia kwenye kipindi cha video ni 9. Wazazi wa hao wengine hawajali. Niwafanyeje?

Mwalimu mwenzangu, umejuaje kwamba hawajali? Barua yako ni ndefu, lakini hakuna mahali unaposema umeongea na mzazi hata mmoja.

Saa moja ya video inaweza kula karibu gigabaiti nzima ya bando. Chukua nyumba yenye watoto watatu, kila mmoja ana vipindi vinne kwa siku, kisha piga hesabu, maana umesema wewe ni mwalimu wa hisabati. Na simu yenyewe ni ya baba. Inatoka naye alfajiri, inarudi naye usiku ikiwa imezima chaji. Mwaka 2020 UNICEF ilikadiria kuwa watoto wasiopungua milioni 463 duniani hawakuweza kufikiwa na masomo ya mbali ya aina yoyote, ya redio na televisheni yakiwemo. Wazazi wote hao hawajali?

Chukua daftari, mstari mmoja kwa kila mtoto. Simu ni ya nani? Inakuwa nyumbani saa ngapi? Wanagawana wangapi? Inachajiwa wapi? Nani pale nyumbani anajua kusoma? Kisha ligawe darasa kwa kadiri ya walichonacho: wenye simu janja na bando, wenye simu janja bila bando la kutosha, wenye kitochi, na wasio na kitu. Hao wa mwisho ndio wa kuanza nao, kwa karatasi za kuandikwa na za kurudishwa zikiwa zimesahihishwa. Wenye bando dogo watumie sauti. Maelezo ya dakika tano kwenye WhatsApp hayafiki hata megabaiti mbili, na mtoto atayasikiliza usiku simu ikirudi.

Wa kitochi wapigie. Najua unacheka. Mwaka 2020, shule zilipofungwa Botswana, watafiti walizifuatilia familia zipatazo 4,500. Kundi moja lilipata ujumbe mfupi wenye maswali ya hesabu kila wiki. Jingine lilipata ujumbe huo pamoja na simu ya dakika kama ishirini, mtu akiongea na mzazi na mtoto kuhusu swali lenyewe. Waliopigiwa walisonga mbele kwenye hesabu. Walioachiwa ujumbe peke yake hawakuonyesha tofauti ya kutajika. Baadaye njia hiyo ya simu ikajaribiwa Kenya, Uganda, India, Nepal na Ufilipino, na huko nako ikafaa. Hakuna aliyehitaji kuonekana kwenye kioo.

Niwalazimishe kuwasha kamera?

Hapana. Hukualikwa chumbani kwao.

Asiyeleta kazi nimpe sifuri?

Sifuri ya hesabu au ya bando? Andika "haijafika", kisha rudi kwenye jibu la mwalimu mwenye wanafunzi 42.

Mimi sikumaliza shule. Mwanangu yuko darasa la sita na maswali yake siyawezi. Je, namharibia?

Humharibii, mama. Hakuna aliyekuajiri kuwa mwalimu, ijapokuwa shule inakutumia kazi kana kwamba uko kwenye orodha ya mishahara.

Mpatie saa moja kwa siku ambayo hatumwi popote wala haachiwi mdogo wake. Ikiwa ni binti, nisikilize vizuri zaidi, kwa sababu shule zikifungwa ndoo na jiko humwangukia yeye huku kaka yake "anasoma". Jioni mwambie akueleze alichojifunza mpaka wewe uelewe. Usiogope kusema hujaelewa. Akishindwa kueleza, aandike mahali alipokwama, na hicho ndicho cha kumsomea mwalimu kwenye simu. Hadithi na vitendawili unavyovijua, msimulie aviandike, kisha akusomee kwa sauti. Hayo ni mazoezi halisi ya lugha, wala hayahitaji bando.

Mwalimu akikutumia kurasa kumi "za kuchapisha", muulize printa iko wapi. Kwa heshima, lakini muulize.

Kamati yetu ya wazazi imepata mfadhili anayetaka kununua tableti. Tupokee?

Muulizeni kwanza: bando la nani, chaji wapi, ikivunjika atatengeneza nani? Peru iligawa mamia ya maelfu ya kompyuta ndogo kwa wanafunzi, na tathmini iliyotoka mwaka 2012 haikuona watoto wakipanda katika hesabu wala lugha. Kifaa kilifika, ufundishaji ukabaki vilevile.

Kama mfadhili anasikia, mwelekezeni kwenye vocha za walimu, karatasi, kalamu, na chakula. Ndiyo, chakula. Mwaka 2020 watoto wapatao milioni 370 walikosa mlo wa shuleni kwa sababu shule zilifungwa, na kwa baadhi yao huo ndio ulikuwa mlo wa uhakika wa siku. Mwenye njaa hafuati kipindi cha redio. Tena msiwapange watoto foleni wapigwe picha wakipokea. Mfadhili akisema bila picha hatoi, aende na tableti zake.

Tukifungua, tuendelee mtaala unapotaka tuwe, au turudi nyuma?

Mwalimu mkuu, rudini nyuma, na mrudi mkijua kila mtoto yuko wapi. Baada ya tetemeko la ardhi la mwaka 2005 kaskazini mwa Pakistani, shule zilifungwa kwa takribani wiki 14. Miaka minne baadaye watoto wa maeneo yaliyopigwa zaidi walikuwa nyuma ya wenzao kwa kiasi cha mwaka mmoja na nusu wa masomo. Wiki 14 hazitoshi kuleta pengo hilo. Watoto walizidi kuachwa hata baada ya kengele kulia, na mimi naamini ni kwa sababu mwalimu aliendelea na sura iliyofuata. Wapimeni wiki ya kwanza, kwa kusoma na hesabu za msingi, na muwapange kwa kiwango badala ya umri kwa saa moja au mbili kila siku.

Hesabuni pia wasiorudi. Sierra Leone ilipofungua shule baada ya Ebola mwaka 2015, wasichana wajawazito walizuiwa kurudi darasani, na katazo hilo halikuondolewa hadi Machi 2020. Huu ni uamuzi wa watu, ugonjwa usisingiziwe.

Mwanafunzi mmoja ananibipu kila usiku saa nne. Mke wangu amechoka. Nimzuie?

Saa nne ndiyo saa simu ya kwao inapokuwa huru, kaka. Mpigie, mkubaliane siku mbili kwa wiki na muda ambao mzazi ameridhia, naye awe karibu akisikia. Gharama ya vocha iandikie barua kwa mwalimu mkuu, na ubaki na nakala. Mkeo mweleze anayebipu ni nani na anauliza nini.