Muulize Mwalimu: Tarehe za sayansi zilizotokea kwetu

SWALI: Habari, Mwalimu. Nafundisha sayansi P6 (darasa la sita) huku Koboko, Uganda. Tangu muhula uanze, kila asubuhi naandika ubaoni jambo la sayansi lililotokea tarehe kama hiyo zamani. Nayatoa kwenye simu. Juzi niliandika habari za mwanasayansi wa Ujerumani, mtoto mmoja akanyosha mkono: "Mwalimu, na hapa kwetu je?" Sikuwa na jibu. Naomba unisaidie tarehe. – *Mwalimu wa P6, Koboko*

JIBU: Mwalimu mwenzangu, huyo mtoto mshike vizuri. Swali lake ndilo lililonifanya mimi hapa Tororo nifungue kaunta buku la tarehe za kwetu, na mpaka leo naongeza.

Anza na tarehe 3 Novemba 2013, maana tukio lenyewe lilikuwa mlangoni pako. Siku hiyo jua lilipatwa, na pale Pakwach likafunikwa lote. Ilikuwa Jumapili. Sisi tuliondoka Tororo Jumamosi na wanafunzi 31 ndani ya basi la kukodi, kupitia Soroti na Lira, tukalala njiani. Jioni yake, saa 11 imepita, nilikuwa nimesimama chini ya mwembe na karatasi ngumu niliyoitoboa kwa sindano ili tuone kivuli cha jua bila kuumiza macho. Mwanafunzi mmoja akanivuta mkono: "Mwalimu, tazama chini." Vile vidoa vya mwanga vinavyopenya kwenye majani, ambavyo siku zote ni vya mviringo, vyote vilikuwa vimegeuka miezi michanga. Mamia yake, kwenye vumbi, kwenye viatu vyetu. Kila upenyo kati ya majani ulikuwa unafanya kazi ileile ya tundu langu la sindano. Kisha giza likashuka kwa sekunde chache, watu wakapiga kelele, mwanga ukarudi.

Huko Koboko halikufunikwa lote, lakini sehemu kubwa sana ilimezwa. Watoto wako wa P6 hawakuliona, ila wazazi wao waliliona. Wape kazi ya nyumbani: waulize mama, baba, jaja: kuku walifanya nini, wao walikuwa wapi, waliogopa? Majibu yaandikeni. Hiyo ni sayansi yenye mashahidi, na mashahidi wako hai.

Ya pili ni 18 Aprili. Mwaka 1947, kwenye msitu wa Zika kando ya barabara ya Kampala kwenda Entebbe, watafiti waliokuwa wakiifuatilia homa ya manjano waliweka nyani ndani ya vizimba juu ya miti ili waumwe na mbu. Siku hiyo nyani namba 766 alipanda homa. Damu yake ikapelekwa maabara Entebbe, na humo kikatoka kirusi ambacho hakuna aliyekuwa akikijua. Kikapewa jina la msitu. Mwaka uliofuata kikapatikana ndani ya mbu wa msitu uleule. Dunia nzima ililisikia jina hilo baadaye, na wengi hawajui kwamba ni mahali, tena mahali unapopita kwa matatu.

Ya 12 Desemba ni yetu kwa lugha. Mwaka 1970, kutoka jukwaa la Waitaliano lililosimama baharini karibu na Malindi, ilirushwa setilaiti ya Wamarekani, ya kwanza iliyotengenezwa mahsusi kutafuta nyota zinazotoa eksirei. Kenya ilikuwa inatimiza miaka 7 ya kujitawala siku hiyohiyo, basi setilaiti ikaitwa Uhuru. Eksirei za angani hazipenyi hewa yetu. Ukizitaka lazima upande juu yake. Uhuru iliorodhesha vyanzo 339, na vipimo vyake vya chanzo kiitwacho Cygnus X-1 vilisaidia kukifanya kishukiwe kuwa shimo jeusi, yaani kitu chenye mvutano mkali hata mwanga hauponyoki. Mkuu wa utafiti huo, Riccardo Giacconi, alipata Nobeli mwaka 2002. Wanaastronomia popote walipo hutamka neno hilo la Kiswahili. Waambie watoto hivyo, kwa sauti.

Na 2 Desemba 2022 setilaiti ya kwanza ya Uganda, PearlAfricaSat-1, iliachiwa kutoka kituo cha kimataifa cha angani. Wahandisi watatu wa kwetu waliitengeneza Japani. Ilikuwa boksi la sentimita 10 kila upande. Wakate la manila, walishike mkononi.

Jambo moja kuhusu hizo za kwenye simu: zigeuze kwanza kwa saa zetu. Vitabu vinasema binadamu walitua mwezini 20 Julai 1969. Kwetu chombo kilitua saa 5:17 usiku, ni kweli, lakini Armstrong alikanyaga mwezi saa 11:56 alfajiri ya tarehe 21. Kwa mtu wa Koboko kumbukumbu ya hatua ile ni tarehe 21.

SWALI: Binti yangu wa S1 (kidato cha kwanza) ameomba pesa ya keki ya "Siku ya Pai", 14 Machi. Mimi ni mtu wa bodaboda, sielewi tarehe na keki zinahusianaje. – *Baba wa S1, Busia*

JIBU: Baba, Wamarekani huandika mwezi kwanza, kwa hiyo 14 Machi kwao ni 3.14, mwanzo wa pai, ile namba inayosema mzingo wa duara ni mara ngapi ya upana wake. Larry Shaw wa jumba la sayansi la Exploratorium, San Francisco, aliianzisha sherehe hiyo mwaka 1988. Keki ni kwa sababu kuna kitu cha kuoka ambacho jina lake kwa Kiingereza hutamkwa vilevile.

Sisi tunaandika siku kwanza. Tarehe yetu ni 22 Julai: 22/7, sehemu ileile binti yako anayoitumia darasani, na kwa kweli iko karibu zaidi na pai kuliko 3.14. Mnunulie chapati moja. Azungushe uzi ukingoni, kisha aukate kwa urefu wa upana wa chapati. Atapata vipande vitatu na kabaki kadogo, kama moja ya saba ya kipande. Chapati ya sentimita 21 itampa uzi wa 66 hivi. Halafu aile.

SWALI: Sisi tunaoandika programu tuna siku yetu? – *Kijana wa Kampala*

JIBU: Ipo: siku ya 256 ya mwaka, yaani 13 Septemba, au 12 mwaka ukiwa mrefu. Bait moja, kipimo cha kumbukumbu ya kompyuta, ina nafasi nane, kila moja 0 au 1, jumla namna 256. Lakini mimi naipenda zaidi 9 Septemba. Mwaka 1947 huko Harvard, kompyuta ya Mark II ilikuwa inakosea, mafundi wakaifungua wakakuta nondo amenasa kwenye swichi. Kwa Kiingereza hitilafu ya mashine ilikuwa tayari inaitwa mdudu, basi wakambandika kwa selotepu kwenye daftari la kazi na kuandika kwamba safari hii mdudu amepatikana kweli. Daftari hilo liko Washington, kwenye makumbusho ya Smithsonian, na nondo bado yumo.