Mkuu, usifute ibdata1 kabla hujanakili folda nzima ya data

Toa mkono kwenye Delete kwanza. Umeandika kwamba tangu umeme ukatike juzi MySQL (programu ya kanzidata) ya XAMPP, kile kifurushi cha kuendesha seva kwenye kompyuta yako, haiwaki, inaleta "MySQL shutdown unexpectedly", na kuna jamaa kakuelekeza ufute ibdata1 na ib_logfile zote "zijitengeneze upya". Zitajitengeneza, ndiyo. Tupu.

Faili la ibdata1 ndilo InnoDB, injini inayohifadhi data ndani ya MySQL, inalolitazama kujua majedwali yako ni yapi na data ya kila moja iko wapi. Ukilifuta, MySQL (ndani ya XAMPP ni MariaDB tangu 2015, paneli tu ndiyo haijabadilishwa jina) itawaka vizuri kabisa, kijani kibichi. Unafungua phpMyAdmin, ule ukurasa wa kuangalia kanzidata kwenye kivinjari, kushoto kanzidata yako ipo, majedwali yamejipanga na majina yake yote. Hapo ndipo unapompigia mwenye duka kumwambia kazi imeisha. Kisha unabofya jedwali la wateja: #1932, "doesn't exist in engine". La mauzo, 1932. La madeni, 1932. Majina unayaona kwa sababu faili za .frm, zenye muundo wa majedwali tu, zimebaki kwenye folda. Kilichokuwa kinayaunganisha na data umekitupa mwenyewe, tena kwa Shift+Delete ili hata Recycle Bin isikusaidie.

Mimi ilikuwa mashine ya duka la vifaa vya ujenzi la shemeji yangu. Mauzo si kitu, risiti zilikuwepo. Balaa lilikuwa madeni: mafundi waliochukua saruji na nondo kwa mkopo. Habari zilifika saiti kabla sijarudisha hata jedwali moja. Ghafla kila fundi alikuwa ameshalipa, na mmoja akaja kudai chenji. Siku hizi mimi na shemeji tunaonana misibani tu, na hata huko anachagua jamvi la mbali.

Na huyo mwalimu wa kwenye video aliyenifundisha, sitamtaja, lakini siku nikikutana naye atanunua soda za ukoo mzima. Dakika mbili za muziki, "jiungeni na chaneli yetu", halafu anafuta mafaili kama anayefagia uwanja. Kanzidata yake moja tu, inaitwa test, ndani hamna kitu! Mtu kama huyo hata akifuta diski nzima anapoteza nini? Maoni chini yake yote "asante kaka imekubali", ya wanafunzi waliosakinisha XAMPP jana yake. Wenye data halisi hawakuandika, walikuwa wanatafuta pa kujificha.

Sasa sikiliza. Kabla ya KITU CHOCHOTE, simamisha MySQL, nenda C:\xampp\mysql, nakili folda ya data NZIMA uipeleke diski nyingine au flashi. Usichague mafaili, chukua zima zima. Kabla ya kunakili huruhusiwi kufuta, kuondoa XAMPP, kusakinisha upya, wala kumwita fundi. Ukishanakili, haribu utakavyo, unarudi ulipokuwa.

Pia hapo hapo utaona folda inaitwa backup. Usije ukadhani ni data yako imehifadhiwa, ni mafaili ya kiwandani, ya siku XAMPP ilipoingia. Ila ina kazi: ipe folda ya data jina jingine, nakili backup uiite data, halafu toka kwenye ile ya zamani chukua folda za kanzidata zako pamoja na ibdata1 uzibandike humo. Folda za mysql, performance_schema na phpmyadmin za zamani ziache. Mara nyingi inawaka.

Isipowaka, kwenye my.ini (faili la mipangilio ya MySQL) chini ya [mysqld] ongeza innodb_force_recovery = 1, washa, toa data yote haraka kwa mysqldump, amri ya kuitoa kanzidata kama faili la maandishi, kisha ondoa huo mstari. Namba zinakwenda hadi 6, lakini kuanzia 4 inaweza kuharibu data moja kwa moja, kwa hiyo usipande kama mtu aliyechelewa basi. Na kwa aliyekwisha kufuta ibdata1 kama mimi: faili za .ibd, zenye data ya kila jedwali, zikiwepo, unaunda upya kila jedwali kwa muundo ule ule, unafanya DISCARD TABLESPACE, unarudisha .ibd yake, kisha IMPORT TABLESPACE. Jedwali moja moja. Muundo huukumbuki? Pole sana.

Kingine, umesema wiki hiyo hiyo ulisakinisha MySQL nyingine pembeni. Mbona hukuanza na hilo? Inawezekana data yako ni nzima na zote mbili zinagombania poti 3306. Fungua CMD, andika netstat -ano | findstr 3306, chukua namba ya mwisho wa mstari uitafute Task Manager kwenye Details. Ikiwa ni mysqld.exe ya upande wa pili, izime kwenye Services ujaribu tena.

Na ile RAM unayotaka kununua kwa sababu mashine ni nzito, usinunue bado. Angalia kwanza kama diski inakaa asilimia 100 hata ukiwa hujafungua kitu. Kama ndivyo na ni HDD (diski ya kuzunguka), hela hiyo ni ya SSD, diski ya kasi.

Ukishanakili, fungua mysql_error.log ndani ya data uweke hapa mistari ishirini ya mwisho. Maandishi, si picha uliyopiga kioo kwa simu.