Ukikuta alama ya kamba kwenye mkono wa mwanao mwenye usonji

Alama nilizikuta nikimwogesha. Mistari miwili myekundu juu kidogo ya kifundo cha mkono wa kulia, na msokoto wa katani umejichora kwenye ngozi hadi ungeweza kuuhesabu. Mwanangu ana miaka minane, ana usonji, haongei. Nilipopitisha sabuni pale aliuvuta mkono, kisha akaurudisha mwenyewe na kuuweka kwenye kiganja changu.

Kesho yake mwalimu hakunificha. "Mama, watoto ni wengi na niko peke yangu. Kengele ikilia tu, huyu anatoka mbio kuelekea barabarani. Namfunga kwenye kiti asije akagongwa." Nilikosa la kumjibu, maana hata mimi nilishamfunga kwa khanga kwenye mguu wa kitanda nikienda kuchota maji. Najua sipo peke yangu, ila hatuambiani.

Afisa ustawi wa jamii ndiye aliyenifungulia Sheria ya Mtoto ya Tanzania ya mwaka 2009, kifungu cha 13. Kinakataza kumtesa mtoto au kumpa adhabu ya kikatili na ya kumdhalilisha. Kinaendelea kusema kwamba kumrudi mtoto, yaani kumwadhibu ili ajirekebishe, hakukubaliki kama kunazidi kiasi kwa umri wake na hali yake ya mwili na akili, wala hakukubaliki kabisa kama mtoto, kwa sababu ya udogo au sababu nyingine, hawezi kuelewa anarudiwa kwa nini. Hayo maneno "sababu nyingine" niliyasoma mara tatu. Mwanangu yumo humo. Anayevunja masharti hayo anaweza kutozwa faini ya hadi shilingi milioni 5, au kifungo cha hadi miezi 6, au vyote viwili. Katiba yetu nayo, ibara ya 13(6)(e), inapiga marufuku mateso na adhabu za kumtweza mtu. Na Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 2009, unasema katika ibara ya 14 kuwa ulemavu si sababu ya kumnyima mtu uhuru wake.

Kifungu cha 13 hakitaji kamba wala kiti. Lakini hakuna mzazi atakayemlaumu mwalimu kwa kumdaka mtoto anayekimbilia gari. Mpaka wangu nimeuweka hapa: hatari iwe ipo mbele ya macho, mtoto ashikwe kwa mikono, kwa nguvu ile tu inayotosha, na hatari ikipita aachiwe papo hapo. Kamba haijui kuwa gari limeshapita. Inabaki pale mwalimu akigeukia ubao, inabaki mtoto akibanwa na haja, inabaki akipatwa na kifafa, ambacho watoto wengi wenye usonji wanacho pia. Na jambo moja nawasihi sana, walimu na ndugu wa nyumbani: msimlaze mtoto kifudifudi mkamkandamiza mgongoni. Anaweza kukosa pumzi huku mkidhani ametulia.

Ukikuta alama, piga picha siku hiyohiyo na uandike tarehe. Jeraha kubwa litibiwe kwanza, na uombe polisi fomu ya PF3, ile daktari anayojaza kuhusu majeraha. Toa taarifa serikali ya mtaa. Kifungu cha 95 cha sheria hiyohiyo kinamtaka kila mwanajamii mwenye ushahidi kwamba haki za mtoto zinavunjwa afanye hivyo. Namba 116, Simu kwa Mtoto, ni bure.

Wapo walionishauri nimdhalilishe mwalimu mitandaoni. Nilikataa, na sijutii. Niliomba kikao na mwalimu mkuu, afisa ustawi akiwepo, na swali langu kubwa lilikuwa moja: kabla hajakimbia, huwa kunatokea nini? Jibu lilikuwa kengele. Ni rimu ya gari inayogongwa kwa nondo hatua tatu kutoka dirishani kwake, naye kelele za ghafla zinamuumiza. Tukakubaliana atolewe dakika chache kabla haijagongwa, ashikwe mkono na mama anayepika uji, wakakae chini ya mwembe nyuma ya jiko. Kamba ilitolewa darasani siku hiyo mbele yangu. Nyumbani nami niliweka komeo juu ya geti, pale asipofika, na maji sasa tunachota wote. Ana kidumu chake cha lita tatu.

Tulianzisha pia daftari. Kila anaposhikwa, mwalimu anaandika saa, sababu, na alishikwa kwa muda gani, nami natia sahihi jioni. Ukurasa wa mwisho niliousaini ulisema: saa nne na robo, geti lilikuwa wazi, bodaboda inapita, kashikwa mkono dakika moja, kaachiwa, kanywa uji.