Ukimpeleka mgeni kutazama mbio za matanga: maswali na majibu

Msimu wa regata ukikaribia, mimi hupokea barua nyingi za watu waliokabidhiwa wageni, wa kazini au wa familia, wawapeleke kutazama mashindano ya mashua za matanga. Wengi wao wenyewe hawajawahi kuyaona. Leo najibu yale maswali yanayojirudia.

Shikamoo. Kampuni yetu inataka kuwapeleka wageni sita kwenye regata moja kubwa, popote duniani. Hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuona mbio za matanga. Tuanzie wapi?

Marahaba. Chagueni regata ambayo mwanzo wake unaonekana kwa macho matupu kutoka nchi kavu. Hicho ndicho kigezo changu cha kwanza, jina na hadhi vinafuata. Mbio nyingi hupigwa mbali na pwani, na mgeni akitazama vitone vyeupe kwenye upeo wa bahari kwa saa tatu, kwa adabu yake hatasema neno, lakini ukimwalika tena atakuwa na udhuru.

Mimi ningewapeleka Trieste, Italia, kwenye Barcolana, inayofanyika Jumapili ya pili ya Oktoba. Ilianza mwaka 1969. Uzuri wake ni kwamba vyombo vyote, vya mabingwa wanaolipwa na vya familia zilizokuja kujifurahisha, huondoka kwa pamoja kwenye mstari mmoja. Mwaka 2018 vilijiandikisha vyombo 2,689, ikawa rekodi ya dunia. Nyuma ya mji kuna mwinuko wa Carso. Pandeni huko mapema asubuhi, mtaiona ghuba nzima ikifunikwa na matanga, na hakuna atakayewadai tiketi.

Chaguo langu la pili ni Cowes, kwenye kisiwa cha Wight, Uingereza, mwanzoni mwa Agosti. Watu wanashindana pale tangu 1826. Mashua huanza mbele ya jengo la klabu ya Royal Yacht Squadron, ambako mizinga midogo hulia kutoa ishara, na nyingine hupita karibu na ufukwe kiasi kwamba unamsikia nahodha akiwafokea mabaharia wake. Mkondo wa maji wa Solent, mlango wa bahari kati ya kisiwa hicho na bara, ni mkali. Upepo ukilegea, utaona mashua zinatia nanga katikati ya mbio ili maji yasizirudishe nyuma. Mgeni atadhani wamekata tamaa, kumbe aliyetia nanga ndiye anayeongoza, maana wenzake wanarudi kinyumenyume. Vyumba vya kulala ni vichache na hujaa miezi mingi kabla, kwa hiyo wengi hulala Southampton na kuvuka kwa feri.

Kama wageni wenu wanapenda kupanda kuliko kutazama, fikirieni Kiel, Ujerumani, katika wiki kamili ya mwisho ya Juni. Regata ile ina historia ya tangu 1882, na Jumamosi ya mwisho hupita msafara wa meli kubwa za matanga za zamani, ambazo baadhi huchukua abiria wa kulipa. Sydney, Australia, nayo inasifiwa sana, na ni haki yake: tarehe 26 Desemba, saa 7 mchana, mzinga unalia na mashua zinaanza safari ya maili 628 za baharini hadi Hobart, kisiwani Tasmania. Ila fahamuni kwamba baada ya muda mfupi zote zimeshatoka nje ya bandari. Ni onyesho la saa moja hivi, mpangieni wageni kitu kingine cha kufanya siku hiyo.

Fedha inatosha kitu kimoja tu: hema la wageni wa heshima pwani, au kukodi boti ya kuwafuata washindani. Tuchukue lipi?

Inategemea mbio zenyewe. Kwenye Kombe la Amerika la mashua (America's Cup) la siku hizi, au SailGP, ligi ya kimataifa ya mbio za matanga ambayo mashua zake huvuka kilomita 90 kwa saa, hakuna boti ya kukodi itakayowafuata. Mbio hizo ni fupi, hupigwa karibu na pwani, na zimetengenezwa zitazamwe kutoka jukwaani penye skrini. Kaeni nchi kavu.

Kwa regata za kawaida, chukueni boti, lakini ya nusu siku. Kabla ya kulipa, ulizeni maswali matatu: choo kipo na kinafanya kazi? Kuna kivuli? Mgeni akizidiwa, boti itarudi gatini au tutangoja hadi jioni? Jibu la swali la tatu ndilo linaloamua kama nitalipa au la. Na nahodha wa boti yenu akae nje ya eneo la mbio, upande wa demani wa washindani, yaani kule upepo unakoelekea. Boti ikikaa upande wa joshi, kule upepo unakotoka, inawavurugia upepo, na mawimbi yake yanawapunguzia mwendo watu waliojiandaa mwaka mzima kwa ajili ya siku hiyo.

Mwaka jana niliwapeleka wakwe zangu. Baada ya nusu saa kila mtu alikuwa kwenye simu yake. Nilikosea wapi?

Dada, nadhani uliwapa viti ukasahau kuwapa hadithi. Mbio za matanga hazijielezi zenyewe kama mpira. Mwenye wageni akae nao awasimulie, hata kama yeye mwenyewe ana hamu ya kutazama kwa utulivu. Siku ile si yako, ni yao.

Anza na dakika tano za mwisho kabla ya mbio, maana kwangu hakuna kipindi kitamu kuliko hicho. Waonyeshe boti ya waamuzi, kisha waambie watazame bendera. Zikibaki dakika 5, unasikia mlio na bendera ya kundi la mashua hizo inapanda. Zikibaki 4, inapanda bendera ya maandalizi, mara nyingi ya buluu yenye mraba mweupe katikati. Ikibaki 1, ile ya maandalizi inashuka kwa mlio mrefu. Halafu ile ya kundi inashuka, na mbio zimeanza.

Wakati huo wote mashua zinazunguka nyuma ya mstari kana kwamba hazina kazi. Waeleze wageni wako: mashua ya matanga haina breki. Nahodha anatakiwa aufikie mstari akiwa na mwendo kamili, katika sekunde ile ile bendera inaposhuka, huku wenzake wamembana kushoto na kulia. Akiwahi hata kwa urefu wa mkono, itapandishwa bendera nyeupe yenye msalaba wa buluu, naye atalazimika kurudi kuanza upya huku wenzake wakiyoyoma. Mgeni akishalielewa hilo, simu inarudi mfukoni.

Kisha kuna jambo la bisho. Boya la kwanza kwa kawaida huwekwa upande upepo unakotoka, na hakuna tanga linaloweza kwenda moja kwa moja kuukabili upepo. Mashua hubisha, zikienda mshazari huku na kule, kwa hiyo mgeni huona mbili zinakwenda pande tofauti akadhani moja imepotea. Mwambie asubiri zikutane. Ile inayopokea upepo kwa upande wake wa kulia ndiyo yenye haki ya njia, nyingine lazima ipishe. Hapo ndipo mtajua nani alichagua upande mzuri, na hapo ndipo watu huinuka vitini.

Jambo la mwisho, nalo halina gharama: mpe kila mgeni mashua yake. Mwandikie namba ya tanga kwenye karatasi, mpe darubini, mwambie huyo ndiye mtoto wako leo. Mama mkwe aliyekuwa anasinzia utamsikia anauliza kwa nini yake imeachwa.

Mashua iliyofika kwanza ilishangiliwa, lakini kombe likapewa nyingine. Mgeni wangu aliniuliza kama kuna rushwa. Nimjibu nini?

Mjibu kwamba kuna washindi wa aina mbili. Mashua kubwa ina mwendo kuliko ndogo, hilo halihitaji ubishi. Ili zishindane kwa haki, kila moja hupimwa na kupewa kigezo, na muda wake huzidishwa kwa kigezo hicho. Tuseme kubwa ina kigezo cha 1.400 na imetumia saa 10: hesabu yake ni saa 14. Ndogo yenye kigezo cha 1.000 ikitumia saa 13 na nusu, imeshinda, ingawa imefika watu wakikunja viti. Barcolana ni tofauti kidogo, pale ushindi wa jumla ni wa atakayetangulia kufika.

Halafu kuna adhabu. Katika mbio za Sydney hadi Hobart za mwaka 2017, mashua ya Wild Oats XI ilitangulia kufika, ikiizidi nyingine iitwayo Comanche kwa karibu dakika 27. Comanche ikalalamika kwamba mwenzake alikaribia kuigonga muda mfupi baada ya kuanza. Jopo likasikiliza, likaiongezea Wild Oats XI saa nzima, na heshima ya kufika kwanza ikahamia kwa Comanche pamoja na rekodi ya siku 1, saa 9, dakika 15 na sekunde 24. Kwa hiyo usimwahidi mgeni kupiga picha na mshindi kabla ya matokeo rasmi kubandikwa.

Mgeni wetu mkuu huchafukwa na roho hata kwenye feri. Anataka kuja kwa boti, sisi tunaona haya kumkatalia.

Msimkatalie, ila mwambieni ukweli mapema na kwa faragha. Kumficha mtu hali ya bahari ili asiogope ni kumkosea heshima. Boti ya watazamaji inachosha kuliko feri kwa sababu muda mwingi imesimama, inayumba tu bila kwenda popote.

Dawa hufanya kazi ikitumiwa kabla ya safari. Kichefuchefu kikishaanza, kidonge hakikai tumboni. Amuone mfamasia siku chache kabla, maana nyingi ya dawa hizi huleta usingizi na baadhi hazimfai kila mtu. Kipo pia kibandiko cha nyuma ya sikio ambacho hubandikwa saa kadhaa kabla ya kupanda. Usiku wa kuamkia safari asinywe pombe, na asubuhi asije na tumbo tupu.

Botini, mkalisheni katikati kuelekea tezi, yaani nyuma, ambako chombo huruka kidogo kuliko omo, yaani mbele. Atazame upeo wa bahari. Asishuke chini chumbani hata mara moja, na asisome simu. Akianza kunyamaza, kupiga miayo na kutoka jasho jembamba usoni, tayari imeanza: msogezeni upande wa demani, mtu mmoja amshike mkanda kwa nyuma, wengine wageuke watazame mashua. Nimeona mgeni akitapika mbele ya wenzake huku mwenyeji akipiga picha za mbio. Aibu ile ilikuwa ya mwenyeji.

Wavae nini?

Viatu vya soli laini isiyoacha alama, kamwe si visigino. Nguo za tabaka tabaka, maana majini baridi huwa kali kuliko gatini. Kofia yenye kamba. Mizigo iwe kwenye mifuko laini, sanduku gumu halina pa kuwekwa. Jaketi okozi livaliwe na kufungwa kabla ya kuondoka gatini, na mwenyeji awe wa kwanza kulivaa.

Rafiki yangu ana mashua na anashindana. Je, anaweza kuwachukua wateja wangu wawili wakapanda siku ya mbio?

Muulize, kisha ukubali jibu lake bila kumsukuma. Baadhi ya madaraja ya mashua huweka kikomo cha idadi au uzito wa waliomo, na bima nayo ina masharti yake. Akikubali, wateja wako wajue kwamba hakuna kuteremka njiani: kanuni haziruhusu mtu ateremke kwa makusudi katikati ya mbio, isipokuwa ameugua, ameumia au anakwenda kuokoa. Wajue pia kwamba wataamriwa wahame upande hadi upande kila mashua inapobisha, na wakae ukingoni ili uzito wao uizuie isilale. Simu wazizime. Kanuni ya 41 ya mbio za matanga inakataza msaada kutoka nje, na ujumbe wenye nia njema kutoka pwani, ukisema upepo upo kushoto, unaweza kumletea nahodha malalamiko.

Uamuzi wa kwenda au kutokwenda ni wa nahodha peke yake, hata kama wateja wamesafiri kwa ndege usiku kucha. Katika mbio za Fastnet, za baharini kati ya Uingereza na Ireland, za mwaka 1979 dhoruba iliua mabaharia 15. Bahari haina habari na ratiba ya mgeni. Ombi zuri zaidi ni siku ya mazoezi, siku moja kabla ya regata: mashua ni ile ile, mabaharia ni wale wale, na nahodha ana muda wa kumpa mteja usukani.

Upepo usipovuma kabisa, niwafanyie nini wageni?

Tazama mlingoti wa waamuzi kabla hujatoa ahadi yoyote. Bendera yenye milia ya wima myekundu na myeupe maana yake mbio zimeahirishwa. Ikiwa iko peke yake, msitawanyike, kwa sababu ikishushwa, hesabu ya dakika tano inaanza baada ya dakika moja tu. Ikiwa chini yake kuna bendera ya herufi H, ishara zaidi zitatolewa nchi kavu, kwa hiyo mnao muda wa kutembelea magati, na mabaharia walio bandarini bila kazi hupenda sana kuulizwa kuhusu mashua zao. Ikiwa chini yake kuna ya herufi A, leo hakuna tena mbio. Wapelekeni wageni kula, na mezani mnong'oneze aliye karibu nawe kwamba utabiri wa kesho ni mzuri, iwapo kweli ni mzuri.